Jina la Dada Mizanini

Katika mashamba ya chai ya Bulwa, mchumaji akiugua, ndugu yake aliingia shambani badala yake na kuitika kwa jina lake mizanini, ili kazi isipotee. Mama yangu aliingia hivyo kwa dada yake. Dada akafa, mama akabaki na kapu lile na jina lile. Mnyapara alijua, wachumaji wote walijua. Makato ya akiba ya uzeeni yaliendelea kwa jina la marehemu, na hakuna aliyeona kasoro.

Kasoro ilionekana serikali ilipouza shamba. Mwenye shamba mpya hakutaka wazee; vijana aliwachukua kama vibarua, bila akiba yoyote. Mama alibakiwa na mafao tu. Nilimsindikiza ofisini.

"Shikamoo, mama," karani alisema, kisha akatazama karatasi zake. "Lakini huyu alishafariki. Wa kulipwa ni mumewe."

"Marehemu hachumi chai," mama alijibu. "Nimechuma mimi."

Baadaye nilijisomea sheria za mafao, nikaona kwamba karani hakukosea. Asubuhi iliyofuata tuliteremka Magoma kwa mume wa marehemu. Niliogopa. Alikuwa na mke mwingine na watoto wengi, na fedha ile ilikuwa inamwangukia bila jasho.

Alipotuona alicheka. "Shemeji! Nasikia mke wangu amefufuka. Mbona hajaniletea hata majani ya chai?"

"Mkeo ulimzika mwenyewe. Njoo ukaseme hivyo ofisini, na useme nani alishika kapu. Miaka aliyochuma yeye ni yako. Yangu naitaka."

Mama akakaa kitako mlangoni. Mke wa pale alimpa uji. Akanywa, akaendelea kukaa. Jua lilipogeuka, shemeji yake alivaa koti.

"Huyu atahamia hapa," alimwambia mkewe. "Bora niende."

Ofisini alisema ukweli, na mnyapara akamuunga mkono. Mama alilipwa miaka yake kwa mkupuo, basi. Pensheni ya kila mwezi haikuwapo. Alirudi kwao Lushoto, akanunua kishamba cha mboga bondeni, chini ya Kifungilo, penye maji mwaka mzima.

Siku ya kuandikishana mauzo ya kishamba hicho, shahidi mmoja, mchumaji mwenzake wa zamani, alimwita kwa jina la dada yake kama walivyozoea. Mama aliendelea kutazama mpaka wa shamba. Aliitika alipoitwa kwa jina lake mwenyewe.