Hemalata Apikiwa Mkate

Hemalata hakuipenda sikukuu ya Raja, na jambo hilo hakumwambia mtu. Wenzake waliisubiri mwaka mzima: siku tatu ardhi inapumzika, jembe halishikwi, jiwe la kusagia linalala, na mwanamke hagusi jiko. Anavaa sari mpya, anapaka miguu rangi nyekundu, anapanda bembea. Lakini Hemalata bila mwiko alijiona hana mikono. Akitia bizari dengu zake, jirani wa nyumba ya tatu anaacha chungu chake mwenyewe na kuja kuulizia habari za nyumbani.

Mwaka huo mkwewe, Bidyadhar, alikuwa anakuja kula Raja kwao kwa mara ya kwanza tangu amwoe binti yao Kuntala. Mama yake kijana huyo alikuwa mpishi, tena wa kujisifu. Mkate wa sikukuu, poda pitha, ukiharibika, jina la Hemalata limekwisha. Basi mkesha wa sikukuu akaufunga mkate kwa majani ya mgomba na kuufukia kwenye makaa mepesi, uive polepole hadi asubuhi.

Mumewe, Kulamani, akaona moto unasinzia, akauhurumia. Akauongezea makumbi ya nazi, kwa moyo mweupe kabisa.

Asubuhi wakafukua kitu cheusi. Kunguru alikitazama, akaenda zake.

"Baba Kuntala," Hemalata alisema taratibu, "umeniua."

"Nilitaka kukusaidia."

"Ungelala tu ungenisaidia zaidi."

Rojo la mchele na choroko lilikuwa limebaki bakuli zima, lakini sikukuu ilishaingia, na Hemalata hakuwa mtu wa kuchezea mila. "Aliyelikoroga atalinywa," akasema. "Utapika wewe."

Kulamani, ambaye jikoni aliingia tu kuuliza chakula kimefikia wapi, nusura ameze tambuu nzima.

Bembea ilining'inia kwenye mfenesi, nyuma ya ukuta wa udongo wa jikoni. Ukikaa chini huoni kitu. Ukirushwa juu unaona hadi ndani ya sufuria. Hemalata akapanda kwa hasira, akajirusha, na kila akipaa juu ya ukuta akateremsha amri.

"Tia sukari guru."

Akashuka, akapaa.

"Hiyo tangawizi si unaimenya kwanza? Mkwe wangu ngiri?"

Akashuka tena, akapaa.

"Samli, baba. Samli. Hicho kibuyu ni mafuta ya nywele zangu."

Majirani wakaacha bembea zao wakaja. "Msukumeni mwenzetu aone vizuri," mmoja akasema, "mkwe asije akalala njaa." Wakamsukuma hadi vidole vyake vyekundu vikagusa majani. Kicheko kikamponyoka Hemalata, na hasira asijue imedondokea wapi.

"Funika," akasema huku akicheka, "upalie makaa juu. Makaa, nimesema. Makumbi usiyaguse."

Bidyadhar na mkewe walifika mkate ukiepuliwa, na Kulamani akauleta chini ya mfenesi, Hemalata angali bembeani. Ukingo ulikuwa umeungua na nazi imejazana upande mmoja. Bidyadhar akala kipande, akachukua cha pili bila kukaribishwa.

"Mama," akasema, "mama yangu asisikie, lakini mkono wako hauna mfano."

Kulamani akainamisha kichwa, akangoja. Sifa hiyo Hemalata alikuwa ameitamani mwaka mzima, na angeweza kuimeza pale pale. Badala yake akamwonyesha mumewe kwa kidole.

"Mkono si wangu, mwanangu. Kapika baba yako huyo, mwenye rojo puani."

"Baba?" Kuntala akakaa chini.

"Basi hilo ndilo mama yangu asilisikie," akasema Bidyadhar. "Atamwingiza baba yangu jikoni kesho."

Kulamani akajipangusa pua, akakata kipande chenye nazi nyingi, akampelekea mkewe bembeani juu ya jani. Tangu aolewe, Hemalata alikula wa mwisho, wote wakishashiba, mkate umekwisha kupoa. Akauma kwa pupa. Ulimi ukaungua, machozi yakamtoka, na majirani wakashikana mabega kwa kicheko.

"Nimekosea wapi?" Kulamani akauliza kwa hofu.

"Hujakosea. Nilikuwa sijawahi kuula wa moto." Akajipangusa macho kwa upindo wa sari, akalinyoosha lile jani. "Nikatie kingine."