Maji ya Kupoza

Harufu ya tumbaku sokoni Inde hunirudisha kijijini kwetu Lobule, kwenye shamba la mihogo, baba na mdogo wake wakikatana mapanga kwa ajili ya mpaka. Sikio la baba lilikuwa likining'inia. Damu ilitapakaa kwenye majani.

Bibi, mama yao, alitoka jikoni shavu limejaa tumbaku. "Maji iko wapi? Leta, nipoze watoto yangu."

Kwetu kupoza ni kazi ya mama aliyewazaa wanaogombana. Hujaza maji kinywani, akawatemea usoni, na maji hayo lazima yakauke yenyewe ndipo hasira ife.

Nilimpa kibuyu. Akaingia katikati ya mapanga, akawatemea maji ya kahawia, akafoka, "Msipanguse! Wacha ikauke!"

Baba alitupa panga lake, akafumba macho, maji yakimchuruzika. Baba mdogo alijipangusa kwa mkono wa shati, akainua panga tena. Bibi akanyoosha mkono kumkinga baba.

Kiganja chake kilianguka kando ya kibuyu, vidole bado vinacheza.

Mpaka leo nikinyeshewa na mvua sijipangusi uso. Naacha maji yakauke yenyewe.