Chupa za Wifi Yangu

"Hivi wifi yako kila Jumamosi anafuata nini ziwani, au hata kule kuna mashuka ya kufua?" jirani yangu aliniuliza siku moja tukianika nguo.

Nilicheka. Wifi yangu, dada wa mume wangu, alifua mashuka ya hospitali mpaka alipostaafu, na hadi leo akikusalimia hutazama kola kwanza.

Kule ziwani anajitolea. Yeye na wenzake huchota maji, kila mtu upande wake, na wataalamu huyapima maabara wajue ziwa linaendeleaje. Tangu abaki peke yake nyumbani, Mungu amempa Jumamosi ya kuisubiri.

Mwaka jana majibu ya upande wake yalikuja mabaya. Ile kemikali inayolisha utando wa kijani ilizidi mno, na kwa wenzake haikuwa hivyo. Mtaalamu, binti mpole mwenye miwani, akaja mwenyewe nyumbani kwa wifi. Mimi nilikuwa pale namenya vitunguu.

"Mama, chupa unazisuuza kwa maji ya ziwa kabla ya kuchota?"

"Kama mlivyotufundisha."

"Na kabla ya hapo?"

Wifi akajinyoosha. "Kabla ya hapo nazifua. Maji moto na sabuni ya unga, naziloweka mpaka asubuhi. Chupa ya watu haitoki kwangu ikinuka."

Binti akavua miwani. "Mama, kemikali yenyewe imo kwenye sabuni hiyo. Inang'ang'ania ndani, kusuuza hakuitoi."

"Kumbe ziwa halina uchafu," nikasema, "lina wifi yangu."

Nilingoja anirudishie, maana kwa utani hajawahi kunibakizia deni. Badala yake aliingia chumbani, akatoka na chupa zake zimefungwa kwenye kitambaa kilichopigwa pasi, akaziweka mezani kama mtu anayerudisha funguo.

"Mtafuteni mwingine. Nimewaharibia kazi."

Moyo uliniuma. Binti akainua chupa moja dirishani, akaigeuza, akaanza kucheka taratibu.

"Hata za maabara hazing'ai hivi. Mama, tutakayoyatupa ni majibu. Wewe upande wako ni uleule, ila sabuni basi."

Wifi alizitazama zile chupa, kisha mikono yake. Anajijua.

"Basi nakuomba, mwanangu, zisilale kwangu. Nipeni palepale ziwani, asubuhi. Zikilala hapa nitaziosha tu."