Sahihisho la Redio

Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa kwenye kitambulisho tu, na ungemwita kwa jina hilo ghafla angegeuka kuangalia ni nani anayeitwa. Hospitali nzima, kuanzia mkurugenzi hadi wafua mashuka, ilimwita Redio. Kazi yake ilikuwa kukaa dirisha la mapokezi na kuwaita wagonjwa kwa maiki: nani aende kwa daktari, nani apeleke mkojo maabara, nani amesahau mtoto kwenye benchi arudi kumchukua. Kabla yake alikuwako bwana mmoja aliyetafuna majina ya watu kama karanga, ukaitwa mara tatu usijue ni wewe. Redio hakutafuna jina la mtu. Akikuita unajisikia umeitwa, na hata kama umekuja na jipu la makalioni unainuka na heshima zako.

Mume alimkimbia zamani, akidai hawezi kuishi na mwanamke ambaye hata akiomba chumvi mezani majirani wanaisogeza. Watoto Mungu hakumjalia. Alichobaki nacho ni mama yake, kikongwe mwenye miguu iliyokufa na mdomo uliokuwa hai kwa niaba ya miguu, pamoja na vyumba viwili vya nyumba ya serikali nyuma ya chumba cha kufulia. Nyumba ile ilikuwa ya kazi. Kazi ikiisha, na nyumba imeisha, mama na kitanda chake nje. Hilo Redio alilala nalo na kuamka nalo, na anayetaka kumhukumu huko mbele na aanzie hapo.

Sasa ile maiki. Swichi yake iliharibika tangu enzi za mkurugenzi aliyepita, ikawa haizimiki, na kila aliyeombwa kuitengeneza alisema ataleta mtu. Wafanyakazi wakabuni dawa yao wenyewe: ukitaka kupiga soga, unaizungushia taulo, unailaza kwenye droo na kuifunga. Wakaiita mtoto. Aliyeingia pale mapokezi na umbea wake aliuliza kwanza, "Mtoto amelala?" na akijibiwa, "Amelala," ndipo anafungua kinywa. Wakubwa wote walisengenywa juu ya droo ile, kuanzia mishahara yao mpaka wake zao wa pembeni, na halikutoka neno.

Ndipo mashine ya kupiga picha za kichwa ikafa. Kufa kwa mashine si ajabu, ila mkurugenzi alikuwa ameshaarifu makao makuu kwamba imetengenezwa na inafanya kazi vizuri kuliko mwanzo, naye hakuwa mtu wa kujikanusha. Katika kikao cha asubuhi, wafanyakazi wote wamesimama, akatoa agizo: mgonjwa akiuliza aambiwe asubiri, fundi yuko njiani. Kumwandikia mtu rufaa aende hospitali ya mji wa pili kukapigwa marufuku, maana rufaa nyingi zingewashtua wakubwa. Watu wakakaa kwenye mabenchi. Wanasinzia, wanagawiana mikate yao mikavu, wanarudi kesho na kukaa palepale. Na aliyewaambia "subirini" kila saa, kwa sauti ile waliyoiamini, alikuwa Redio.

Siku moja akatoka kuchota maji ya kunywa, akarudi roho imemchafuka kwa aliyoyaona mabenchini. Kwenye kiti cha pembeni alikaa Bi Mafaili, karani wa kumbukumbu, msichana mzuri wa sura na mvivu hata wa kugeuza shingo.

"Mtoto amelala?" Redio akauliza.

"Amelala," Bi Mafaili akajibu, macho kwenye simu.

Mtoto hakuwa amelala. Maiki ilikuwa mezani, waziwazi, karibu na kikombe, na Redio hakuitazama kwa kuwa miaka yote jibu lile lilimtosha.

"Mimi hawa watu wataniua roho," akasema. "Mashine imekufa, mwenzangu, imekufa na kuzikwa. Fundi gani yuko njiani? Huyo fundi hata mamake hajaolewa. Tunawakalisha binadamu hapa kama magunia ili mtu mmoja pale juu asiaibike. Mimi ningekuwa na mgonjwa, saa hizi nimeshampakia kwenye gari, yuko mji wa pili."

Spika zilikuwa ukumbini, wodini, hadi getini, na Redio alikuwa amezoea mno sauti yake kumrudia, masikio yake hayakuishtukia. Hakukuwa na kelele. Mabenchi yaliinuka, wakaanza kukunja shuka zao na kuwashika mikono wale wasioweza kutembea, wakatoka. Redio aliona ukumbi unapungua, akageukia meza, akaiona maiki. Maji yakimwagika hayazoleki. Akakaa kusubiri kuitwa juu, na hakusubiri sana.

Alisimamishwa kazi siku hiyohiyo, kisha akaitwa kwenye kikao cha nidhamu. Shtaka lilikuwa kutoa siri ya serikali na kuwachochea wananchi. Kwa bahati, au ndivyo alivyofikiri, alikuwa mwanachama wa chama cha wafanyakazi tangu siku alipoajiriwa, na kwa mujibu wa taratibu hakuna mtumishi anayehukumiwa bila chama kukaa mezani. Chama pale hospitalini maana yake ilikuwa Katibu wa tawi, bwana mnene wa maabara, ambaye kila sikukuu ya wafanyakazi alivaa kofia nyekundu na kupiga kelele uwanjani kuwa mfanyakazi si bubu. Redio ndiye aliyekuwa akimpokea kwa kibwagizo, kwa kuwa sauti yake haikuhitaji maiki.

Kikaoni Bi Mafaili aliitwa kwanza. "Mimi sikuulizwa kitu na wala sikujibu kitu," akasema, akiangalia kucha zake. "Nilikuwa na kazi nyingi."

Redio alimtazama binti huyu, ambaye yeye mwenyewe alimfundisha kupanga mafaili na kumfichia siri kila alipochelewa kazini, na alichosikia ndani yake hakikuwa hasira. Ilikuwa aibu, kama vile ni yeye aliyesema uongo. Mkurugenzi naye hakupandisha sauti hata kidogo. Alisema hana ugomvi wowote na mama huyu mchapakazi, anachotaka ni ukweli urudi mahali pake tu.

Baadaye Katibu akamvuta koridoni, jasho likimtiririka.

"Dada, nimepambana. Kufukuzwa nimekuzuia. Wanakupa onyo la mwisho, na nyumba yako inabaki. Unachotakiwa ni kusahihisha tu."

"Kusahihisha nini?"

"Utasema kwa maiki ileile kuwa mashine ni nzima, ina matengenezo madogo yanayoisha leo, na yale maneno uliyasema kwa hasira zako binafsi."

"Katibu, mashine ni mbovu. Siku ya agizo ulisimama pembeni yangu."

"Nilisimama."

"Sasa?"

"Sasa, dada yangu, mimi sitetei mashine, natetea mwanachama."

"Na ile ya mfanyakazi si bubu?"

"Si bubu kwenye mkutano wa chama, milango ikiwa imefungwa," Katibu akasema, kwa upole kabisa, kama mtu anayemweleza mtoto kwa nini moto unaunguza. "Maiki ni mali ya serikali. Ukiongea pale ni serikali imeongea, na serikali haiwezi kujisema. Hapa tumeshinda. Usije ukauharibu ushindi."

Redio akaomba akalale nalo. Nyumbani alimsimulia mama yake, akiwa anamgeuza upande wa pili ili mgongo usipate vidonda.

"Kwani leo ndiyo serikali inaanza kudanganya?" mama akasema. "Wewe ni tarumbeta, mwanangu. Anayepuliza ni mwingine. Umewahi kusikia tarumbeta limepelekwa jehanamu?"

"Watu wataumia, mama."

"Na mimi je? Nibebwe kama godoro, nikawekwe kwenye ubaraza wa nani? Ndugu zako uliwaona mara ya mwisho lini?"

Redio akacheka, kisha kicheko kikamgeukia akalia, na mama hakumbembeleza. Alimwacha alie mpaka amalize, ndipo akamwomba maji.

Asubuhi ya sahihisho, afisa utumishi alisimama nyuma ya kiti chake na kalamu mkononi, Katibu akasimama upande wa pili kwa niaba ya chama, Bi Mafaili akawa na kazi nyingi. Redio alikuwa amepanga njiani kwamba atayatafuna maneno, atayamung'unya kama yule bwana wa zamani, anayeweza kusikia asikie na asiyeweza asisikie. Hakuweza. Sauti iliyozoea kunyooka ilinyooka yenyewe. Kila neno la uongo lilitoka limeoshwa na kupigwa pasi, likasikika wodini, ukumbini na getini. Afisa utumishi akaandika neno moja na kutabasamu.

Haikupita muda dirishani akatokea Mama Chai. Huyu aliuza chai getini, na kwa miaka mingi siku ya Redio haikuanza bila kikombe chake. Wawili hawa walijuana hadi madeni yao na ndoto zao. Tangu Redio asimamishwe kazi walikuwa hawajaonana.

"Shoga, nimekusikia," Mama Chai akasema, akihema. "Ni kweli imepona? Mume wangu aliteleza juu ya paa akiezeka, kaangukia kichwa. Anatapika, na jicho moja halifunguki sawasawa. Gari liko getini, nimeshamlaza nyuma, tulikuwa tunaondoka kwenda mji wa pili. Lakini njia ile mbovu, na anavyolia likirukaruka! Kama inapona leo namshusha hapahapa."

Redio alisikia kalamu ya afisa utumishi ikiacha kuandika.

"Kama ilivyotangazwa, mama," akasema. "Mgonjwa asubiri kwenye benchi."

Alimwita mama. Hajawahi kumwita mwanamke yule isipokuwa shoga, tena mara nyingi na tusi la utani juu yake. Alidhani neno lile baridi litamshtua mwenzake, atanusa kitu, atakimbilia gari lake. Akamkazia macho vilevile. Ndiyo ujasiri wote aliokuwa nao siku hiyo, na aliuhesabu kuwa mwingi.

"Afadhali," Mama Chai akasema, machozi ya nafuu yakimtoka. "Mimi nilimwambia dereva, Redio hadanganyi." Akaenda kuliruhusu gari.

Wakamleta mumewe, fundi wa mapaa, amebebwa mikono na miguu, watu wakampisha alale kwenye benchi zima. Redio akaita majina. Akawaita wa meno, akawaita wa kliniki ya wajawazito, na baina ya jina na jina alitazama benchi lile. Alijiambia afisa utumishi akiondoka tu atakimbia. Afisa utumishi akaagiza kiti. Wacha niseme lisemwalo: Redio miguu alikuwa nayo, si kama mama yake. Angeweza kuinuka, hatua chache tu, akasema neno moja sikioni kwa rafiki yake. Kila alipotaka kuinuka aliuona mgongo wa kikongwe ukiwa na vidonda kwenye ubaraza wa watu, akakaa. Mchana fundi akaanza kukoroma. Mama Chai akafurahi kuwa mgonjwa amepata usingizi, akawaomba watu wapunguze sauti.

Alipokuja muuguzi kumshika, jua lilikuwa bado kali na fundi alikuwa ameshakwenda zake. Muuguzi akapiga ishara dirishani. Ni kazi ya mapokezi, hakuna mwingine wa kuifanya. Redio akavuta maiki, akaita wabeba machela waje ukumbini, benchi la tatu, na maneno yakatoka yamenyooka.

Katika mkutano wa tawi uliofuata Katibu alimsimamisha mbele ya wanachama. Alieleza jinsi mwenzao alivyokuwa ametiwa kitanzi na jinsi chama kilivyokikata, kazi ipo, nyumba ipo, na hakuna ofisi hata moja iliyobaki na kinyongo. Wakampigia makofi. Bi Mafaili alipiga makofi kuliko wote. Redio akainamisha kichwa kushukuru, maana ndivyo inavyofanywa.

Kwa muda mrefu alipita mlango wa nyuma ili asifike getini. Lakini hospitali ni moja na kiu ni kiu, na zaidi ya hayo alimkumbuka rafiki yake. Asubuhi moja akajikaza, akaenda. Mama Chai alikuwa amerudi kwenye biashara yake, amekonda, kichwa amekifunga kitambaa cheusi. Hakununa. Alimpangusia kibao akae, akammiminia chai na kutia sukari vile anavyopenda. Hapakuwa na mtu mwingine. Afisa utumishi hakuwepo, Katibu hakuwepo, mkurugenzi yuko juu huko kwenye kiti chake.

"Shoga," Mama Chai akasema, "nikuulize kitu kimoja, halafu sitakuuliza tena. Ile asubuhi ulijua kuwa mashine ni mbovu?"

"Sikujua," Redio akasema.

Alijibu harakaharaka, kwa sauti yake ileile safi, kabla hata hajaamua.

"Na mimi nilijua hukujua," Mama Chai akasema, akamshika mkono. "Ungejua ungeniambia. Kunywa, chai inapoa."

Redio akanywa.