Nilivyokipiga Vanishi Kigoda cha Baba Mkwe

Kazi ya kwanza niliyopewa nilipoolewa haikuwa kupika wala kuteka maji. Ilikuwa kupaka siagi kigoda cha mtu aliyekwisha kufa.

Kilikuwa kigoda cha miguu mitatu, cha mninga, kilichochongwa katika gogo moja bila msumari hata mmoja. Mwenyewe alikuwa baba mkwe wangu, ambaye sikumkuta hai. Mama mkwe alikiita isumbi, na hakuna mtu aliyeruhusiwa kukikalia ila yeye, tena siku za kusukasuka maziwa tu. Kilikuwa cheusi kwa siagi ya miaka mingi, weusi ulioingia ndani ya mti, na katikati palikuwa na bonde dogo alipokaa mzee maisha yake yote. Leo ningetoa ng'ombe nikione tena kilivyokuwa. Wakati ule nilikiona uchafu.

Mimi nilikulia Maswa mjini, binti wa fundi cherehani, na Kisukuma changu kilikuwa cha sokoni. Nilisomea ualimu, nikapangiwa shule ya msingi katika kijiji kipya upande wa Ngulyati, na huko huko nikaolewa. Mume wangu alikuwa karani katika kiwanda cha kuchambua pamba Maswa, akija nyumbani mwisho wa mwezi. Siku zilizobaki tulikuwa wanawake wawili, mimi na mama yake.

Kijiji kilikuwa na mwaka mmoja tu. Watu walikuwa wamehamishwa wakati wa Operesheni ya kuhamia vijijini, wakapangwa kwa mistari, nyumba ikitazamana na nyumba. Mama mkwe alikuwa ameacha mji wake wa zamani, mwendo wa saa mbili kwa miguu, mji uliozungushiwa minyaa na wenye zizi kubwa katikati. Lori lililokuja kuwachukua lilikuwa na haraka. Alipakia kibuyu cha maziwa, mawe ya kusagia na kigoda. Vingine viliachwa, pamoja na makaburi ya watu wake wanne.

Mara mbili kwa wiki, Jumatano na Jumamosi, alisukasuka maziwa, na siagi ilipojikusanya aliniita. Nilipiga goti nikamwamkia kama mama, "Mwangaluka, Mayu," naye akaitikia, akanikatia bonge la siagi linaloenea kiganjani. Kazi ilikuwa na taratibu zake. Siagi unaiyeyusha kwa joto la mikono, siyo la moto. Unaanzia kwenye bonde la katikati, unakwenda na mkondo wa mti, unashuka miguuni, na chini ya kigoda unamalizia kwa kidole kwenye kila ufa. Halafu unakiweka kivulini mti unywe. Baadaye unafuta kwa pamba ya shambani, ile iliyochambuliwa kwa mkono, mpaka kisiache alama kwenye nguo. Ukifanya kwa haraka siagi inabaki juu na kuvunda, na inzi wanakusengenya kijiji kizima.

Nilifanya kwa haraka. Nilikuwa na magauni mawili ya kufundishia, na yote yalinuka maziwa. Watoto darasani walikunja pua, au mimi ndiye niliyedhani wanakunja. Nilijiona msomi aliyefungiwa zizini.

Sasa sikiliza kilichokuwa kikiendelea wakati mikono yangu imejaa siagi. Mama mkwe alikuwa akizungumza. Mwanamke yule siku nzima husikii neno lake zaidi ya salamu, lakini nikishika kigoda alikaa kwenye mkeka mbele yangu akaanza kunitembeza mji wake wa zamani. Alinipitisha langoni, akanionyesha zizi, jiko, ghala, kinu kilipokaa. Na kila baada ya majuma kadhaa alinipa kaburi moja. Kwao marehemu hawakutajwa wote kwa mkupuo. Aliyetajwa alipewa siku yake, akasemwa alivyokuwa, alipenda nini, alikufaje, kisha ndipo unaambiwa amelala wapi.

Wa kwanza alikuwa mwenye kigoda, kwenye lango la zizi, upande wa mawio. Wa pili mama wa mzee huyo, nyuma ya ghala. Wa tatu ndugu wa mzee, aliyekufa kwa kuumwa na nyoka, hatua kumi kutoka kinu kilipokuwa. Alinirudisha kwa kila mmoja mara tatu, nne, akinitaka nimwonyeshe kwa kidole mavumbini, na mikono yangu ya siagi ikachora ramani uani.

"Kwa nini usimwambie mwanao, Mayu?" nilimwuliza siku moja, kwa uchovu zaidi kuliko kutaka kujua.

"Mwanangu anakaa na mizani za pamba. Wewe ndiye unakaa na mimi," akasema. "Bado mmoja. Huyo nitakwambia nikipata nguvu."

Nilijua huyo mmoja ni nani. Alikuwa binti yake wa kwanza, dada wa mume wangu, aliyekufa kwa surua akiwa na miaka minane. Ndiye aliyembeba mume wangu mgongoni alipokuwa mdogo. Watoto kwao walizikwa na wanawake, na wanaume hawakuuliza walipolazwa. Mume wangu alikuwa na kumbukumbu moja tu ya dada huyo, shingo yake ikiwa na jasho, akaniambia mara nyingi kwamba kitu anachokitaka ni kusimama siku moja juu ya kaburi lake. Alitegemea mama yake angeniambia mimi. Nilimwahidi nitasikiliza. Niliahidi kirahisi, kama mtu anavyoahidi kununua chumvi.

Mwaka uliofuata shule ilipata mbao, na kijiji kikaleta fundi seremala kutengeneza madawati. Nilikuwa nikimwangalia wakati wa mapumziko. Alikwangua mbao kwa kipande cha chupa, akapiga msasa, kisha akapaka vanishi kwa brashi iliyochakaa, na mbao zikawaka jua likizipiga. Nikamwuliza kitu kikipakwa hiyo kinahitaji kupakwa tena lini.

"Mwalimu, hapo umemaliza. Unafuta kwa kitambaa tu."

Maneno hayo yaliniingia kuliko somo lolote nililopata chuoni. Nikamwomba masalio yaliyobaki kwenye kopo. Akakubali, akanionya kwamba siagi na vanishi havipatani: ikibaki hata chembe ya mafuta, vanishi itabambuka. Jumamosi nikaenda Bariadi mjini kutafuta msasa. Mwenye duka, mzee wa Kiislamu mwenye upole, alinionyesha rafu zilizo wazi akasema vanishi yenyewe hajaiona siku nyingi, lakini msasa alikuwa na karatasi mbili alizokuwa amezisahau. Nilizibeba kifuani kama barua.

Mama mkwe alikuwa amekwenda Malampaka, ambako binti yake mdogo alikuwa amejifungua. Nilikuwa na wiki nzima. Nilichemsha maji nikatia magadi, nikakisugua kigoda mpaka maji yakawa meusi, nikamwaga, nikachemsha mengine. Siagi ilitoka na kutoka. Nikakianika. Nikakikwangua kwa kipande cha chupa, ule weusi ukajikunja mwembamba ukaanguka miguuni pangu, na chini yake ukatokea mti wa hudhurungi, mpya, ambao haukuwa wa mtu yeyote. Bonde la katikati lilinisumbua, msasa haukulifikia vizuri, basi nililisawazisha kidogo ili brashi ipite. Nikapaka mara ya kwanza, nikangoja, nikapiga msasa mwembamba, nikapaka mara ya pili. Kikang'aa. Mbele ya majirani nilisema nimemwandalia mama mkwe zawadi. Huo ulikuwa uongo. Nilikuwa nimejinunulia Jumatano zangu na Jumamosi zangu.

Aliporudi nilimpokea mzigo, nikampeleka ndani, nikafunua kitambaa kwa mbwembwe. Akakitazama. Akapitisha kiganja juu yake, taratibu, akifuata njia ile ile aliyonifundisha, katikati kwanza, halafu miguu, kisha akaingiza kidole chini kwenye nyufa nilizokuwa nimeziziba kwa vanishi.

"Wabeja, mwanangu," akanishukuru. "Kinang'aa kama cha ofisini."

Nikachukua sifa hizo zote, nikazikunja, nikaziweka.

Juma lile alisukasuka maziwa, akanikatia siagi kwa mazoea. Nikamwambia kwa furaha, "Mayu, siku hizi hakihitaji. Ukipaka itateleza tu." Akatazama bonge mkononi mwake. "Kumbe," akasema. "Basi umepumzika." Akainama akajipaka siagi ile miguuni mwake mwenyewe, kwenye magoti makavu na visigino, mpaka ikaisha. Baada ya hapo hakuniita tena. Nami, Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilipata saa zangu. Nilikaa uani kwenye kiti changu nikisahihisha madaftari, nguo safi, mikono mikavu.

Mikono ikiwa na siagi huwezi kushika daftari. Ungenipa miaka hamsini nisingegundua kwamba hiyo ndiyo ilikuwa faida yake.

Maana aliniambia. Hili ndilo linaloniumiza kuliko kigoda. Ilikuwa alasiri moja, mitihani imekaribia, nina rundo la hesabu za darasa la sita mapajani. Mama mkwe alitoka ndani akaja akakaa kwenye mkeka karibu na kiti changu, bila kibuyu, bila kazi yoyote. Akaanza kusema. Alisema kwa sauti ndogo na alisema kwa muda mrefu. Nilisikia "surua." Nilisikia "mnyaa." Nikaitikia "ee, Mayu," nikaweka alama ya kosa, nikaitikia tena "ee." Alipomaliza alifuta macho kwa ncha ya khanga. Niliona. Nikajisemea nitamwuliza baadaye arudie, akiwa ametulia. Baadaye kukawa na mitihani, palizi, uvunaji wa pamba, na kila siku niliyotaka kumwuliza niliona haya, kwa sababu kuuliza kulikuwa kukiri kwamba mzazi amelia mbele yangu nami nimehesabu makosa ya watoto.

Alikufa masika ya mwaka wa pili baada ya hapo, kifua kilimbana. Mume wangu aliwahi kumkuta akiwa na fahamu. Nilikuwa mlangoni nimeshika bakuli la uji nikasikia akimwambia mwanawe, "Usihangaike. Mkeo nimempa wote."

Baada ya matanga, ndugu waliamua twende kwenye mji wa zamani kuwaambia waliolala kule kwamba mwenzao amefika. Tulikwenda mume wangu, baba yake mdogo na mimi. Nilikuwa nimejiandaa kuliona zizi, ghala na minyaa. Hakukuwa na kitu. Lilikuwa shamba la pamba la kijiji, limelimwa kwa trekta, mistari imenyooka kutoka ukingo hadi ukingo. Baba mdogo alizunguka akatafuta, akachoka. Kisha wote wawili wakanigeukia.

Na mimi niliweza, hilo siwezi kujinyima. Jiwe moja la lango lilikuwa bado limejitokeza ardhini. Kutoka hapo vidole vyangu vilikumbuka ramani ya uani. Hapa mzee. Hapa mama yake. Hapa aliyeumwa na nyoka. Baba mdogo alimwaga pombe kidogo kila mahali, akasema maneno yake, akatikisa kichwa kustaajabia nilivyojua. Mume wangu alikuwa akinifuata nyuma akipumua kwa nguvu. Alikuwa akingoja.

Nilitembea. Nilijiambia nikifika mahali nitakumbuka, kwamba sauti ile ndogo ipo kichwani mahali fulani na itajifungua. Haikujifungua. Nilikuta kisiki cha mnyaa kilichochipua kati ya mistari ya pamba, nikasimama kando yake, na mguu wangu ukakanyaga udongo kabla akili yangu haijakubali.

"Hapa," nikasema.

Akapiga magoti. Mwanaume yule, karani wa mizani, aliyekuwa na suruali moja nzuri, alipiga magoti kwenye tope la pamba akaweka viganja chini, akaanza kumwambia dada yake habari za miaka yote, kwamba amesoma, ameoa, mke wake ni mwalimu, na mke huyo ndiye aliyemleta. Nilitaka kusema. Kinywa kilifunguka kabisa. Kisha akainua uso akanitazama kwa shukrani ambayo hajawahi kunipa mtu mwingine, nami nikapiga kimya.

Alikwenda pale kila mwaka. Watu waliporuhusiwa kurudi kwenye mashamba yao ya zamani, alikuwa wa kwanza kurudi, akajenga, akazungushia mahali pale mawe. Wanangu wamekua wakipaita kwa shangazi. Walipokuwa wadogo waliambiwa wasikimbie hapo.

Mume wangu ametutoka sasa. Alikuwa ameacha neno moja tu kuhusu maziko yake, kwamba alazwe karibu na dada yake. Asubuhi ile vijana walikuwa wamesimama na majembe, jua likipanda, na mwanangu mkubwa akaja mpaka nilipokaa na wanawake, akachuchumaa mbele yangu kwa heshima.

"Mama, tumchimbie upande upi wa shangazi, kulia au kushoto?"

Wanawake wote walinigeukia.

"Kushoto," nikasema.