Ufuta Ulionuka Kambale

Juzi nilipeleka ufuta wangu ghalani Ifakara. Karani akachomeka bambo, kile chuma cha kutolea sampuli, akamwaga punje kiganjani na kuzisogeza puani. Ndugu yangu! Mama mzima, mwenye wajukuu wawili, nikashika ukuta. Karani akacheka: "Vipi mama, umetia mchanga nini?" Sikutia mchanga. Ni hofu yangu ya utotoni, na nakusimulia wewe kwa sababu nimechoka kukaa nayo peke yangu.

Nililelewa na bibi, kule Namawala. Mpunga ulikuwa wa kula, ufuta ulikuwa wa ng'ambo. Bibi alisema hivyo kwa maringo kidogo. Katika usichana wake walikuwa wakiokota mbarika, zinasafirishwa kwenda kukamuliwa mafuta ya mitambo. Mwaka mmoja wanunuzi hawakutokea, na mbarika zikabaki za vichakani. Ikaja pamba, nayo ikaenda zake. Sasa tulibaki na ufuta. "Watu wa ng'ambo hawafoki," alituonya. "Wakichukia, hawaji tena, basi." Mimi niliwaogopa watu hao kuliko mamba wa mtoni.

Msimu wa kuvuna, mafungu ya ufuta yalisimamishwa uani yameegemeana, na jua likiwaka ulisikia vitumba vikipasuka, ta, ta, ta. Kazi yangu ilikuwa kufukuza kuku. Bibi alikaanga konzi moja, akatwanga na chumvi, tukalia muhogo wa kuchemsha. Jamani, ule utamu! Ila turubai la kukung'utia ufuta halikuazimwa mtu. Angekuazima sufuria, hata shuka lake, lakini turubai lile, thubutu! Ufuta una mafuta, hunyonya kila harufu.

Siku moja bibi alikwenda msibani Katindiuka, akaniachia ulinzi. Turubai lake lilikuwa limejaa ufuta tuliokung'uta asubuhi, na uani yalibaki mafungu mengi, vitumba vimeachama. Mchana wingu likaja, jeusi, wakati si wake. Mvua ikipiga, kila punje ingelala kwenye tope. Nilikimbilia kwa jirani yetu mvuvi, sikukuta mtu, nikachukua turubai lao lililokuwa uani. Nikakung'uta fungu baada ya fungu huku nalia, nikaburuta maturubai yote mawili hadi jikoni, na matone yakanikuta mlangoni.

Bibi alirudi ameloa chapachapa. Alipoona hakuna punje iliyopotea alipiga vigelegele, majirani wakaja kunisifu. Akachanganya ufuta wote, akapeta, akajaza magunia.

Kesho yake niliramba kidole kilichokuwa na vumbi la ufuta. Kambale! Kumbe turubai lile ndilo walilokuwa wakianikia samaki. Bibi hakusikia harufu, pua yake ilikuwa imeshalewa ugoro. Nilitaka kusema, Mungu ananiona. Lakini sijawahi kusifiwa vile, kabla wala baadaye, nikameza maneno.

Ufuta wa kijiji kizima ulimwagwa ghalani katika chungu moja, ndivyo tulivyouza. Nilisimama pale nikaona magunia yetu yakifunguliwa. Sema, nilijiambia, sema sasa hivi. Punje zikateremka, zikachanganyika na za watu wengine, na sikuweza tena kuonyesha zetu ni zipi. Mnunuzi akachota, akanusa. Akanusa tena. Nilijikojolea, sikufichi. Kisha akasema, "Pakieni." Watu wakashangilia, na mimi nikakimbilia nyumbani kujificha chini ya kitanda.

Msimu uliofuata hakuja mtu. Wengine walisema bei imeanguka huko nje, wengine wakasema barabara ni mbovu. Chungu ya ufuta ililala ghalani hadi wadudu wakaingia, na watu wakarudi kuchukua kila mmoja wake kwa debe, bila kuangaliana. Jirani mvuvi, naye alikuwa na ufuta wake mle, alimtoa binti yake shule. Mimi nilikuwa nikipita mbele ya nyumba yao nikikimbia.

Siku hizi wanunuzi wamerudi, ufuta unauzwa kwa mnada, vijana wanafuatilia bei kwenye simu. Mafungu yale ya uani sijayaona miaka mingi, tunakung'utia shambani huko huko, na siku hizi turubai ni turubai tu. Nimekua, najua bei hushuka kwa mambo elfu yasiyonihusu. Akili inajua. Tumbo langu halijakubali.

Maana mwaka ule bibi alikuwa akienda kila asubuhi kukaa mlangoni mwa ghala, amevaa kitenge chake cha kanisani, anaangalia barabara. Nilikuwa nampelekea uji. Siku moja alishika kikombe bila kunywa, akaniuliza, taratibu kabisa, "Hivi mjukuu wangu, tuliwakosea nini wale watu?"

Nikamwambia, "Sijui, bibi."