Treni ya Kutu Iliyoogeshwa kwa Sabuni

Shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, tunamwita Kutu. Nataka kueleza habari zake kwa sababu wako watu hapa mtaani wanasema ni mzee anayechezea makopo. Hao hawajaingia chumbani kwake. Mimi nimeingia, tena nimefagia.

Kazi yake ya maisha ilikuwa karakana ya reli, kupaka rangi mabehewa ya mizigo. Behewa likiletwa limeliwa na kutu ubavuni, yeye ndiye analikwangua kwa brashi ya waya, analipiga msasa, analipaka rangi ya kwanza na ya pili, linatoka pale unaweza kujitazamia. Hapakuwa na mpakaji kama yeye. Mstari wake hauyumbi. Akipaka mlango huoni brashi ilipoanzia wala ilipoishia. Jina la Kutu wenzake walimpa kwa sababu jioni alikuwa akitoka kazini mwekundu kuanzia nyusi mpaka ndala.

Alipostaafu, mkewe akiwa ameshatangulia mbele ya haki, alihamia kwangu na mwanawe. Mwana ni dereva wa lori, nyumbani anapita kama mgeni. Mwaka huu kaoa, kwa hiyo nyumba ina mimi, Kutu, na huyo mkamwana wake. Na kule kwenye chumba cha uani ndiko Kutu alikoanzia mambo yake. Mtu aliyemaliza nguvu zake akiondoa kutu, sasa akaanza kuitengeneza.

Behewa lake zima linakaa kwenye kiganja. Bati ni la kopo la mafuta ya kula. Analikata kwa mkasi, analinyoosha kwa chupa, analikunja kwenye ukingo wa meza. Vile vichwa vya chuma vinavyoshika ubavu wa behewa anavitokeza kwa kugonga sindano kwa ndani, taratibu, ulimi nje. Magurudumu ni vifungo, na hapo ndipo tulipogombana.

"Shemeji, gauni langu la bluu liko wazi mgongoni."

"Lilikuwa na vifungo vya kipimo kizuri, shemeji. Vya lile la maua ni vidogo mno."

"Kwa hiyo nitembee mgongo wazi kwa ajili ya treni?"

"Huo mgongo nani anautazama siku hizi."

Nilimrushia ndala. Vifungo hakurudisha.

Alijenga pia jengo la stesheni ya zamani, ile waliyoibomoa wakajenga mpya. Kuta ni maboksi ya viatu. Paa ni ile karatasi ya kung'aa ya ndani ya paketi ya majani ya chai, anaikandamiza kwenye meno ya kitana mpaka inatoka na migongo kama bati lenyewe. Kitana pia kilikuwa changu. Mataruma ya kulalia reli ni njiti za kiberiti, na mchanga wa jukwaa aliuchuja kwa soksi. Ukiinama ukafumba jicho moja, unasikia kama mtu ataita abiria.

Kutu yenyewe aliipika. Waya wa kusugulia sufuria anauloweka kwenye siki, ndani ya chupa ya jemu, mpaka siki inageuka kahawia na kunuka. Hapo anatia unga wa tofali na masizi, anapaka juu ya rangi ya mafuta. Anaita kuzeesha. "Usinisemeshe, nazeesha behewa." Nikamwambia mbona sisi tumezeeka bila kupakwa kitu.

Sasa stesheni mpya ilipofunguliwa, kwenye ukumbi wa tiketi waliweka kabati kubwa la kioo. Mhandisi wa pale, mama wa makamo, akatangaza kwamba wastaafu wa reli walete treni ndogo ya mizigo kama zile za zamani, na stesheni yake. Ile ambayo wastaafu wenyewe wataitazama waseme ndiyo hii, itawekwa kabatini na haitatolewa. Siku ni Jumamosi, mchana.

Kutu alibadilika. Akawa anakula huku anatazama ukuta. Siku moja akaniambia, "Shemeji, kila nilichopaka maishani kimepakwa tena juu yake na mtu mwingine, au kimekatwa kikauzwa chuma chakavu. Hakuna mahali mkono wangu unaonekana. Nataka kabla sijafa niuone mahali." Ndicho alichotaka, basi. Na mimi nikakitaka kwa ajili yake, ingawa sikumwambia, maana angevimba kichwa.

Kikwazo kilikuwa mzee mmoja waliyemwita Msasa. Huyo alikuwa seremala wa karakana hiyohiyo, naye ana treni yake ya mbao. Akaja nyumbani kwa kisingizio cha kuazima koleo, akaomba kuona. Aliinama juu ya mabehewa mpaka chai ikapoa.

"Kutu hii umeipiga kwa rula?"

"Rula ya nini?"

"Iko sawasawa kila mahali. Imejipanga foleni. Mimi naona rangi ya kahawia hapa, kutu siioni."

"Kunywa chai uende zako."

"Naenda. Lakini ikikaa kwenye kabati, watu watauliza imepakwa lini."

Kilichomuuma Kutu ni kwamba Msasa alikuwa amesema kweli. Akafuta, akapaka upya. Ikatoka safi. Akajaribu kupaka kwa mkono wa kushoto, ikatoka safi pia. Akafumba macho. Jamani, hata macho yakiwa yamefungwa ule mkono ulikuwa unapiga mstari. Ijumaa alasiri akaweka brashi chini, akasema liwalo na liwe.

Jumamosi asubuhi Kutu alikwenda kwa kinyozi. Mimi nikaenda dukani kuomba kreti ya mikate ya kubebea treni. Nyumbani alibaki mkamwana. Sasa huyu binti ana moyo mzuri, lakini kwa kuwa ni mgeni wa nyumba, chochote kisichokimbia anakiosha. Ameosha mwiko mpaka umepinda. Narudi na kreti yangu kichwani, naingia uani, nakuta sinia juani. Kwenye sinia kuna vijiko, na kando ya vijiko, mabehewa. Yanachuruzika maji.

Nikakalia ndoo.

"Mama mkubwa, umechoka?"

"Umefanya nini, mwanangu?"

"Nimeyaosha. Yalikuwa machafu mno. Nikasema Baba asije akaaibika mbele za watu." Mkononi bado ana mswaki. "Jengo sikuligusa, nimeona ni boksi, lingelowa."

Hapohapo Kutu akaingia, kichwa kimenyolewa kinang'aa. Akasimama. Akatazama sinia.

"Nani kaogesha treni?"

Binti aliposikia ile sauti akaelewa kwamba kuna jambo. Nikamweleza mimi, kwa ufupi, kwamba ule uchafu ulikuwa ndiyo kazi yenyewe. Akaanza kulia, mswaki umeganda mkononi. Kutu hakumfokea. Ingekuwa afadhali angefoka. Alikaa kizingitini akasema, "Shemeji, nenda uwaambie hatuji."

"Mimi si tarishi wako," nikamwambia. "Nimepita mtaa mzima na kreti ya mikate kichwani, watu wananiuliza kama nimefungua bekari. Treni inakwenda. Wewe mwanangu acha kulia, lete masizi. Na wewe inuka."

Akainuka, kwa hasira lakini akainuka. Akafungua chupa yake, akashika behewa la mbele, akaanza kupaka. Ikawa yaleyale, mistari imenyooka kama shati lililopigwa pasi. Mimi nikachukua la pili nilifute maji. Nikaligeuza kwenye mwanga. Nikaligeuza tena.

"Shemeji, weka brashi chini."

"Muda hatuna."

"Weka chini, nimesema. Tazama hili."

"Naona behewa safi."

"Vaa miwani, mbishi wewe."

Akavaa miwani. Mswaki ulikuwa umeondoa kutu pale katikati ya ubavu, palipo tambarare. Lakini kuzunguka vile vichwa alivyovitokeza kwa sindano ilibaki. Kwenye pembe ilibaki. Kwenye mkunjo wa chini ya mlango ilijazana, na pale maji ya sabuni yalipoteremka yaliacha michirizi myembamba, juu imekolea, chini inafifia. Hata rangi ya mafuta ilikuwa imepauka mabakamabaka. Lile behewa lilikuwa limenyeshewa miaka.

Kutu aliweka kidole chini ya mlango. Sauti ikatoka ndogo.

"Hapa. Hapa ndipo maji ya mvua yalikuwa yanakaa. Nimepakwangua hapa mpaka mkono unakufa ganzi." Akamgeukia binti. "Mwanangu, ulisuguaje? Hivi au hivi?"

"Kutoka juu kwenda chini, Baba," akasema kwa kwikwi. "Nisamehe."

"Sijakuuliza habari za msamaha. Maji yalikuwa ya moto?"

"Vuguvugu."

"Chemsha mengine."

Weee, nyumba ikawaka moto. Kutu anapaka, anampa binti kabla haijakauka sawasawa, binti anasugua, Kutu amemsimamia: "Hapo usisugue. Acha. Acha, nimesema, hapo ndipo kutu inapokaa." Binti machozi yamekauka, sasa anabishana naye kabisa: "Baba, hata hapa kwenye ngazi lazima itoke kidogo, si watu walikuwa wanapakanyaga?" Naye anakubali. Mimi kazi yangu ni kupepea kwa mfuniko wa sufuria ili zikauke. Kisha nikapewa masizi ya paa la stesheni, nikayapuliza kwa bomba la kalamu, yakatoka mengi.

"Shemeji," akasema Kutu, "stesheni haikuungua."

"Ilikuwa na treni za moshi au haikuwa nazo?"

Akafuta kidogo kwa kidole, mengine akayaacha. Na katikati ya zile fujo zote akaniambia jambo, bila kuinua macho: "Mkono wangu umefundishwa kufunika, shemeji. Kuacha haujafundishwa." Kisha akaendelea. Behewa la mwisho tulilibeba bichi, binti akilipuliza kwa mdomo njia nzima.

Ukumbini tulikuta wastaafu wamejaa, fimbo na kofia. Treni ya Msasa ilikuwa mezani tayari. Ni nzuri, siwezi kusema uongo. Mbao imeng'arishwa, inateleza kama ulimi. Watu wanaisifu, wanasema fundi, fundi, halafu wanazungumza mambo mengine.

Kutu akapanga yake juu ya ubao aliopewa. Njiti, mchanga, jengo, mabehewa. Alipomaliza akarudi nyuma akasimama kati yangu na binti, akanishika kiwiko, na hajawahi kunishika kiwiko tangu tumzike ndugu yake.

Wa kwanza kusogea alikuwa mfunga breki mmoja mrefu, mgongo umeinama. Akatazama. Akanyoosha kidole bila kugusa.

"Hili lilikuwa linavuja," akasema. "Tulikuwa tunalaza magunia upande ule mwingine."

"Lililovuja si hilo," akadakia mwingine. "Ni lile la nyuma. Hilo ndilo liliachwa njia ya pembeni mpaka nyasi zikaota ndani."

"Utaniambia mimi? Nimelala humo."

"Ulilala umelewa, utajuaje ni lipi?"

Wakaanza kugombana kikweli. Wazee wazima, wanagombania makopo ya mafuta ya kula kana kwamba waliyapanda, na kila mmoja ana ushahidi. Mwingine akasema mlango ule ulimbana kidole, akatuonyesha kidole. Mhandisi alikuwa amekuja na karatasi za kupigia kura. Akazikunja, akazitia mfukoni, akasema hapa hakuna haja ya kura.

Msasa alisogea wa mwisho. Akainama kama siku ile ya chai.

"Uliyaacha nje kwenye mvua?"

"Mkamwana wangu kayaogesha."

"Kwa nini?"

"Yalikuwa machafu."

Msasa akamtazama Kutu, akamtazama binti, akaona anafanyiwa mzaha. Lakini hakusema neno baya. Alishika ncha moja ya ubao akasema, "Shikeni huko, tuipeleke kabatini isije ikamwagika."

Mhandisi akafungua kabati, wakaiingiza. Akafunga kwa ufunguo. Watu wakapiga makofi, binti akacheka huku anajifunika uso kwa kitenge. Kutu akagonga kioo.

"Mama, samahani. Fungua kidogo. Behewa la tatu limegeukia ukutani."

Akafungua. Kutu akaligeuza, kabati likafungwa. Hata hatujafika mlangoni, akarudi: mchanga umeingia relini. Akafunguliwa. Kisha ikawa taruma moja limelala vibaya.

"Mzee," akasema mhandisi, "kwani wewe unaishi mbali?"

"Hapo tu, nyuma ya soko."

"Basi njoo kila Jumatatu asubuhi, nitakufungulia. Ukae nayo utakavyo. Leo niache nifanye kazi."

Kutu akakubali, lakini hakuondoka. Abiria walikuwa wanaingia kukata tiketi, na mmoja, mama mwenye sanduku, alikuwa amesimama mbele ya kioo. Kutu akamsogelea, akaanza kumwonyesha kwa kidole pale chini ya mlango, maji yalipokuwa yanakaa. Nilimwita, hakusikia. Nikamwambia binti ashike upande mmoja wa kreti, tukaenda nyumbani bila yeye.